Kiti cha Sabini na Moja

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Kamati iliniandikia barua ikinitaka nizungumze kwa dakika thelathini juu ya historia ya siasa ya jimbo letu. Mimi ni mtumishi wa umma, na mtumishi wa umma akitajiwa neno siasa huangalia kwanza mlango uko upande gani. Nilimpigia simu Katibu nikamwuliza kama hakuna mada nyingine, kwa mfano kilimo cha ngano. Akanijibu kuwa ngano imekwisha kuchukuliwa. Basi nimekuja na siasa, lakini naomba ieleweke tangu mwanzo kuwa sikuja kumsemea mtu wala chama. Nimekuja kuzungumza juu ya jambo moja tu, nalo ni jinsi jina la mtu linavyofika, au lisivyofika, kwenye karatasi ya kura.

Kwanza tukubaliane jimbo letu ni lipi, maana vijana wanaweza kuchanganyikiwa. Leo mtu akisema Mbulu, anataja wilaya moja ya Mkoa wa Manyara. Babu zetu waliposema Mbulu walitaja nchi nzima inayoanzia ukingo wa Bonde la Ufa juu ya Mto wa Mbu, ikapita Karatu na Oldeani, ikapanda milima ya Wairaqw, ikateremka hadi Babati kwa Wagorowa na Wambugwe, ikaenda mpaka chini ya mlima Hanang kwa Wabarabaig, na upande wa magharibi ikagusa Ziwa Eyasi walipo Wahadzabe. Hanang iligawanywa ikawa wilaya yake mwaka 1969. Babati ikatoka Hanang mwaka 1985. Karatu ikatoka Mbulu katika miaka ya 1990. Mkoa wa Manyara ulipoundwa mwaka 2002, wenzetu wakaenda Manyara na Karatu ikabaki Arusha. Ndiyo maana katika ukumbi huu watu wa kijiji kimoja wanajiita wa mikoa miwili. Mimi ninapotaja jimbo letu nataja ile Mbulu kubwa, nchi ya wakulima na wafugaji ambako mpaka leo aliye wengi anaamka na jembe au anafuata ng'ombe.

Katika uchaguzi wa kwanza wa nchi, ule wa 1958 na 1959, Mbulu haikuwa na kiti chake. Tulihesabiwa ndani ya Jimbo la Kaskazini, pamoja na Moshi, Arusha na Umasaini. Ulikuwa uchaguzi wa kura tatu. Kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake iliharibika. Mkutano wa TANU wa Tabora, Januari 1958, ulibishana sana kama chama kiingie katika uchaguzi wa namna hiyo, na mwisho kikaamua kuingia. Zuberi Mtemvu akakasirika, akatoka kuunda chama chake cha ANC. Haya mliyasoma darasani, siyarudii. Ninachotaka mkumbuke ni kuwa aliyeruhusiwa kupiga kura wakati ule alikuwa mtu mwenye elimu au kipato ambacho mkulima wa milimani hakuwa nacho. Mlimani kwetu uchaguzi huo ulisikika kama ngoma ya kijiji cha mbali.

Ngoma yenyewe ilitufikia tarehe 30 Agosti 1960. Masharti yalilegezwa. Mtu wa miaka 21 au zaidi aliweza kujiandikisha akiwa anajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au akiwa na kipato cha pauni 75 kwa mwaka, au akiwa anashika au aliwahi kushika wadhifa fulani uliotajwa katika sheria. Babu yangu mzaa baba alijifunza kusoma kwa wamisionari, akajiandikisha kwa sifa hiyo. Bibi hakuandikishwa. Hakujua kusoma, na shamba lake halikuwa na pauni 75. Alikuwa akisema kwamba siku ile alibaki nyumbani na ndama.

Nchi ilikuwa na viti 71. Katika viti 58 mgombea wa TANU hakupata mpinzani, akapita bila kura kupigwa. Zilibaki sehemu 13 tu ambako watu walipiga kura kweli, na katika 12 kati ya hizo TANU ilishinda. Kiti cha sabini na moja kilikuwa Mbulu.

TANU ilikuwa imemsimamisha Chifu Amri Dodo. Lakini alijitokeza mwanachama mwingine wa TANU, Herman Elias Sarwatt, ambaye chama hakikumteua, naye akasimama kama mgombea binafsi. Watu wa Mbulu wakamchagua Sarwatt. Magazeti na vitabu vya historia vinapotaja uchaguzi wa 1960 husema TANU ilipata viti 70 kati ya 71, kisha vinaendelea na mambo mengine. Msomaji wa mbali anaweza kudhani kuwa kile kimoja kilichobaki kilikuwa cha wapinga uhuru, au cha walowezi, au cha ANC ya Mtemvu. Sivyo hata kidogo. ANC nchi nzima ilipata kura 337, na nadhani Mbulu ilichangia chache sana. Aliyeshinda alikuwa mwana TANU, waliomchagua wengi wao walikuwa TANU, na alipofika bungeni alikaa na TANU.

Babu alipenda kuisimulia habari hiyo wakati wa kupukuchua mahindi. Sisi watoto tulimwuliza kama hakuogopa kukikataa chama cha Nyerere. Alikuwa akitujibu kwa ukali kidogo: "Nani alikikataa? Kadi yangu niliilipia mwezi ule na mwezi uliofuata. Walituletea mtu, sisi tulikuwa tumekwisha kupata mtu." Kisha anaendelea na mahindi.

Nilipokuwa Mlimani nikisoma sayansi ya siasa, nilijaribu kuandika insha ndefu juu ya jambo hilo, nikatafuta sababu za kitaalamu: ukabila, uchifu, uchungu wa mipango ya wakoloni ya kupunguza mifugo, na kadhalika. Sikatai kwamba mambo hayo yote yalikuwapo. Hata hivyo sijaona maelezo yanayolipita lile jibu la babu.

Sasa tazameni utaratibu wa jambo lenyewe, maana hapo ndipo nataka tukae. Ili Sarwatt achaguliwe, ilibidi kwanza asimame. Ili asimame, ilibidi sheria imruhusu mtu asiyeletwa na chama kugombea, na sheria ya 1960 iliruhusu. Tena ilibidi msimamizi wa uchaguzi, mtumishi wa serikali ya kikoloni, aipokee fomu yake na kuiandika. Aliipokea. Hatusomi popote kwamba yule afisa alisifiwa kwa hilo, na sidhani kama alijiona amefanya jambo.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika haraka. Uchifu ukafutwa mwaka 1963. Januari 1964 Rais akaunda tume chini ya Ndugu Rashidi Kawawa kutafuta namna ya kuendesha demokrasia katika nchi ya chama kimoja. Lazima tuwe waadilifu kwa wazee wale. Waliona dhahiri tatizo la viti 58 vilivyopita bila kupingwa. Waliona kuwa kama chama kinaleta jina moja, mwananchi anapiga makofi tu. Dawa waliyoitoa ni ile mnayoijua kwa alama zake, jembe na nyumba. Mkutano mkuu wa wilaya uliwapigia kura waombaji, Halmashauri Kuu ya Taifa ikateua wawili, na wananchi wakachagua mmoja kati yao. Ilikuwa dawa kali. Septemba 1965 mawaziri waliangushwa, hata Waziri wa Fedha, Ndugu Paul Bomani, alipoteza kiti. Safari hii bibi alipiga kura, maana sharti la kusoma lilikuwa limeondoka. Alichagua jembe. Alipoulizwa mgombea wa jembe alikuwa nani alisema jina halioteshi mahindi. Sijui kama tume ilimfikiria mpiga kura wa namna yake, lakini nasikia wagombea wengi waliomba sana wapangiwe jembe.

Hata hivyo ndani ya dawa ile kulikuwa na kitu kilichotolewa kimyakimya. Mgombea binafsi hakuwapo tena. Wananchi walipewa wawili wa kuchagua, lakini hao wawili waliteuliwa mahali pengine. Sarwatt wa 1965, kama angekataliwa juu, asingekuwa na fomu ya kujaza.

Miaka ishirini na mitano iliyofuata naipitia kwa haraka, si kwa sababu haikuwa na mambo. Tulihamishiwa katika vijiji. Wabarabaig wa Hanang walipoteza malisho yao kwa mashamba makubwa ya ngano ya serikali, na habari hiyo peke yake ingetosha hotuba nzima (pengine Katibu ampe yule aliyechukua mada ya ngano). Mwaka 1985 Hanang ilimpeleka bungeni Ndugu Frederick Sumaye, ambaye tangu 1995 hadi 2005 alikuwa Waziri Mkuu. Kwa wilaya ambayo wazee wake walizaliwa katika nyumba za tembe, hilo si dogo. Ila uchaguzi ulikuwa ule ule wa wawili walioteuliwa, na watu wakazoea.

Nije mwaka 1995. Wakati huo nilikuwa kidato cha pili hapa hapa, bweni lile lenye paa jekundu. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa tangu 1992. Somo la Siasa lilikuwa linageuka kuwa Uraia, na mwalimu wetu alikuwa akifundisha huku akituonyesha kwamba naye anajifunza.

Baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi wa CCM huko Karatu. Alikuwa balozi wa kweli. Ugomvi wa mipaka, mgeni aliyelala bila taarifa, ng'ombe aliyeingia shambani, yote yalikwisha barazani kwetu. Mwaka ule kura za maoni za CCM katika jimbo la Karatu zilimpa ushindi Dakta Willibrod Slaa, padre wa zamani aliyewahi kuwa Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu. Baba alimpigia kura yeye. Kisha vikao vya juu vikalikata jina lake na kumpitisha mwingine.

Niliporudi likizo nilimkuta baba ana karatasi za kampeni juu ya meza, na ametakiwa azipeleke nyumba hadi nyumba kumi zake. Zilikaa pale. Mama alizisogeza alipotandika chakula, akazirudisha alipomaliza. Siku ya nne walikuja vijana wawili wa chama kumwuliza amefikia wapi. Baba aliwakaribisha, akawapa uji, akasema: "Wanangu, mimi watu hawa niliwaambia mwezi wa saba nimpigie nani na kwa nini. Sasa niwaambie nini?" Wale vijana walikunywa uji wakaondoka. Hawakumtukana, nao walikuwa na aibu. Baada ya uchaguzi ubalozi ukapewa jirani yetu. Baba hakuwahi kusema mwezi wa kumi alimpigia nani. Lakini tangu hapo watu waliendelea kuleta ugomvi wao barazani kwetu, na jirani yule mwenyewe aliwaelekeza waje.

Dakta Slaa alikuwa amehamia Chadema. Tarehe 29 Oktoba 1995 Karatu ikamchagua. Chadema nchi nzima ilipata viti 3 tu vya majimbo, na kimoja ndicho hicho. Nilisikia matokeo hapa shuleni kwenye redio ya mpishi, na nilimkumbuka babu, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufariki. Miaka 35 ilikuwa imepita. Nchi ni ile ile, na kisa ni kile kile: waliletewa mtu, wao walikuwa wamekwisha kupata mtu.

Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Sarwatt alisimama peke yake bila kubadili chama. Slaa hakuweza. Ilimpasa atafute chama cha kumbeba, kwa sababu sheria ilisema hakuna kugombea bila kudhaminiwa na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda mahakamani juu ya jambo hilo. Mwaka 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, akamkubalia, na mara Katiba ikabadilishwa kuzuia. Mahakama Kuu ikamkubalia tena mwaka 2006. Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010, ikisema hilo ni la Bunge kuamua. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ambayo inakaa hapo Arusha, mwendo wa saa chache kutoka ukumbi huu, nayo mwaka 2013 ikasema zuio hilo linavunja haki. Mtikila alifariki mwaka 2015 bila kuona sheria imebadilika. Kwa hiyo ile njia aliyopita mtu wa Mbulu mwaka 1960, chini ya serikali ya mkoloni, ilifungwa tukiwa huru. Mimi si mwanasheria, na kama kuna wakili hapa atanisahihisha wakati wa chai.

Mengine ni ya karibuni na mnayajua. Karatu ilibaki upinzani miaka 25. Slaa alikaa hadi 2010 alipogombea urais na kupata zaidi ya robo ya kura, akafuatiwa na Mchungaji Israel Natse, kisha Willy Qambalo, na mwaka 2020 kiti kikarudi CCM. Mbulu nayo ilimchagua Mustapha Akunaay wa Chadema mwaka 2010, kisha ikarudi. Mwaka 2022 mbunge wa Mbulu Vijijini, Flatei Massay wa CCM, alipiga sarakasi ndani ya Bunge akidai barabara ya lami. Watu wa Dar es Salaam walicheka. Waliowahi kusukuma basi kwenye tope kati ya Karatu na Mbulu hawakucheka sana.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa. Nimebakiza jambo moja, nalo si la historia.

Mwaka 2019, katika uchaguzi wa serikali za mitaa, niliteuliwa kuwa msimamizi msaidizi wa kata moja. Si Karatu wala Mbulu, na sitaitaja. Kazi yangu ilikuwa kupokea na kukagua fomu za wanaogombea uongozi wa vijiji na vitongoji. Usiku wa kuamkia siku ya uteuzi nilipigiwa simu na mtu mwenye cheo kunizidi. Hakuniambia nimkate mtu yeyote. Alisema tu, "Bwana, kanuni zisimamiwe vizuri." Nilimwelewa. Mtumishi wa miaka kumi na tano haelezwi mara mbili.

Kesho yake ilikuja fomu ya mgombea mmoja wa uenyekiti wa kijiji. Sehemu moja aliandika kazi yake ni mkulima, sehemu nyingine aliandika mfugaji. Huku kwetu nani si vyote viwili? Ilikuwa saa nne asubuhi, na fomu zilipokewa mpaka saa kumi jioni. Ningeweza kumwita akasahihisha kwa kalamu yangu mwenyewe. Niliandika kwamba hana sifa, maelezo yake yanapingana, nikapiga muhuri. Alipokuja kusoma tangazo ukutani alinikuta nimesimama pale. Akaniuliza kwa upole, "Kwa hiyo kijiji kisinichague kwa sababu ya ng'ombe wangu watatu?" Nilimwambia akate rufaa. Hakukata. Mwenzake wa chama cha pili alipita bila kupingwa.

Mtu huyo alisoma hapa. Alinitangulia miaka miwili, alikuwa kiranja wa bweni langu, na ndiye aliyenionyesha mahali pa kuficha sukari. Nilimtambua kabla sijafungua fomu yake.

Nimefikiria sana tangu siku ile juu ya afisa wa 1960, Mwingereza aliyekuwa akihesabu miezi yake ya kurudi kwao. Alikuwa na fomu ya Sarwatt mezani, na chama kilichokuwa kinakaribia kuwa serikali kilikuwa na mtu wake. Fomu ile nayo iliandikwa na mkono wa binadamu, na anayetaka kosa hakosi kuliona. Nami nilikuwa na meza ya namna ile ile, miaka 59 baadaye, mjukuu wa mpiga kura wa Sarwatt na mtoto wa yule balozi.

Kamati iliponipa mada hii nilikwenda kwanza kumwona kiranja wangu. Tulikaa nje ya nyumba yake, ng'ombe sasa ni watano. Nikamwambia nataka kulisema jambo hili mbele ya wenzetu na kuliandika katika jarida letu. Alinyamaza kidogo, akasema niliseme, ila nisimtaje jina, kwa kuwa ana mpango wa kuchukua fomu tena.